Dawa za kuyeyusha bonge la damu katika mshtuko wa moyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo ndugu wa wagonjwa, wauguzi na matabibu wa hospitali za wilaya wamekuwa wakiniuliza kwa miaka mingi, wengine wakiwa wamesimama mlangoni mwa chumba cha dharura huku mgonjwa wao akihema kitandani. Majibu yake hayachukui nafasi ya daktari aliye mbele ya mgonjwa. Yanakusudia kumsaidia msomaji aelewe kwa nini dawa hii huokoa maisha, kwa nini huogopwa, na ni mambo gani ya kuulizwa na kutazamwa kabla haijaingia mwilini, kwa sababu ikishaingia haitoki.

Mshtuko wa moyo hutokeaje, na dawa hii huingilia wapi?

Moyo umejaa damu muda wote, lakini nyama yake hailishwi na damu hiyo iliyomo ndani. Hulishwa na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje, ambayo mikubwa yake ina upana wa milimita 3 au 4 tu. Kadiri miaka inavyokwenda, na hasa kwa mvutaji sigara, mwenye kisukari, mwenye presha au mwenye lehemu nyingi katika damu, mafuta hujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo yakiwa yamefunikwa na utando mwembamba. Siku utando huo unapopasuka, mwili hufanya kile unachofanya mtu anapojikata kisu jikoni: hugandisha damu mahali penye jeraha. Kwenye kidole, kuganda huko ndiko kupona; ndani ya mshipa wa moyo kunakuwa kizibo, na nyama iliyo mbele ya kizibo huanza kufa baada ya nusu saa hivi, kisha huendelea kufa kidogo kidogo kwa saa kadhaa.

Bonge hilo la damu limefungwa na nyuzi za protini iitwayo fibrini. Katika damu yetu kimo kimeng'enya cha kuzikata nyuzi hizo, plasmini, ambacho kwa kawaida hukaa kimelala katika umbo la plasminojeni, na kazi ya dawa tunayoizungumzia ni kukiamsha. Ikumbukwe kuwa dawa hii haiwezi kutofautisha bonge linaloua na bonge linaloponya. Ikikuta kidonda cha tumbo kilichofunga juzi, au mshipa wa ubongo uliopasuka zamani na kuzibwa na mwili wenyewe, itayeyusha huko pia. Tahadhari zote zitakazofuata zinatokana na jambo hilo moja.

Je, ni sawa na aspirini au zile dawa za kufanya damu iwe nyepesi?

Hapana. Aspirini na klopidogreli huzuia chembe sahani za damu zisishikamane. Heparini na warfarini huzuia bonge lisiendelee kukua. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoyeyusha bonge lililokwisha kuziba mshipa. Hata hivyo huenda pamoja: mgonjwa anayepewa dawa ya kuyeyusha hupewa pia aspirini ya kutafuna, miligramu 150 hadi 300, pamoja na klopidogreli, na heparini au enoksaparini, kwa kuwa mshipa uliozibuliwa huelekea kuziba tena pale pale ulipopasuka.

Zipo dawa za aina ngapi?

Tatu ndizo ambazo mgonjwa wa Afrika Mashariki anaweza kukutana nazo. Kongwe kati yao ni streptokinesi, iliyogunduliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1933, pale William Tillett na mwenzake walipoona kwamba bakteria aina ya streptokoki hutoa kitu kinachoyeyusha damu iliyoganda. Ni ya bei nafuu kuliko wenzake na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutolewa kwa dripu, uniti milioni 1.5 kwa dakika 30 hadi 60. Kwa sababu asili yake ni bakteria, inaweza kuleta mzio, na mara nyingi hushusha presha wakati dripu inakwenda.

Alteplesi inafanana na kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza, na kwa kuwa huisha haraka katika damu, hupewa kwanza sindano moja ya mshipa kisha dripu, yote ndani ya dakika 90. Tenekteplesi ni alteplesi iliyorekebishwa ili idumu zaidi, hivyo hutolewa kwa sindano moja tu ya sekunde 5 hadi 10. Utafiti wa GUSTO, uliochapishwa mwaka 1993 ukiwa na wagonjwa 41,021, ulionesha kuwa waliopewa alteplesi kwa mpango wa haraka walifariki kwa asilimia 6.3 ndani ya siku 30, ilhali waliopewa streptokinesi walifariki kwa asilimia 7.2 hadi 7.4. Tofauti ipo, lakini ni ndogo, na naomba jambo hilo lizingatiwe na kila aliye mbali na mji mkubwa: hospitali yenye streptokinesi kabatini isijihesabu kuwa haina dawa, wala isimwache mgonjwa akisubiri tenekteplesi itakayoletwa kesho.

Tunajuaje kwamba dawa hizi huokoa maisha kweli?

Tunajua kwa hakika ambayo si dawa nyingi zinayo. Mwaka 1986 madaktari wa Italia walitangaza matokeo ya utafiti wa GISSI, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 11,000, ambapo vifo vya hospitalini vilipungua kutoka asilimia 13.0 hadi 10.7 kwa waliopewa streptokinesi. Miaka miwili baadaye ukaja ISIS-2, wenye wagonjwa 17,187 katika hospitali 417. Kati ya wasiopewa streptokinesi wala aspirini, asilimia 13.2 walifariki katika wiki tano. Kati ya waliopewa zote mbili, asilimia 8.0. Nikiwafundisha matabibu vijana, nawaomba waitafakari tofauti hiyo kwa kuhesabu vitanda: katika wodi ya watu 100, watu 5 wanarudi nyumbani ambao wangebebwa na jeneza, na nusu ya kazi hiyo imefanywa na kidonge cha aspirini ambacho bei yake haifiki bei ya chapati.

Kwa nini madaktari wanasisitiza sana saa?

Kwa sababu nyama ya moyo iliyokufa haifufuki, na kwa sababu bonge lenyewe, kadiri linavyokaa, ndivyo linavyokuwa gumu kuyeyuka. Uchambuzi uliounganisha tafiti kubwa 9 zenye wagonjwa wapatao 58,600, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta kuwa dawa ikitolewa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, huokoa watu takribani 30 katika kila 1,000. Ikitolewa kati ya saa 7 na 12, huokoa takribani 20. Baada ya saa 12 faida yake haina uhakika, ilhali hatari ya kuvuja damu inabaki vile vile, ndiyo maana kwa kawaida haitolewi tena.

Saa hizo huhesabiwa tangu kifua kilipoanza kubana. Mgonjwa aliyeanza kubanwa saa nane usiku, akadhani ni gesi, akanywa maji ya moto na dawa ya kiungulia, akangoja kupambazuke, akapitia duka la dawa na kisha zahanati, anapofika hospitali ya wilaya saa tano asubuhi amekwisha kutumia saa 9 kati ya 12. Nimeona safari ya namna hiyo mara nyingi kupita kiasi, na katika safari hizo hakukuwa na mtu mzembe. Watu walikuwa wakifanya kile walichokijua.

Sehemu nyingine ya muda hupotelea ndani ya hospitali zenyewe. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa chumba cha dharura mjini Moshi, kaskazini mwa Tanzania, walikuta kwamba wengi waliokuwa na mshtuko wa moyo hawakutambuliwa, wakatibiwa kama wenye presha au nimonia.

Kwa nini mgonjwa asikimbizwe moja kwa moja kwa wataalamu wa moyo?

Anayeweza kufika kwao kwa wakati, na akimbizwe. Tiba bora kuliko zote ni kuzibua mshipa kwa upasuaji wa tundu dogo, ambapo mrija mwembamba hupitishwa kwenye mkono au paja hadi kwenye moyo, mshipa ukapanuliwa kwa puto na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachouacha wazi. Tiba hiyo ipo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, ipo Nairobi, ipo katika Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, na katika miji mingine michache. Miongozo ya kimataifa inaelekeza hivi: ikiwa mshipa unaweza kuzibuliwa kwa tundu dogo ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe, mgonjwa apelekwe huko, ikiwa haiwezekani, apewe dawa ya kuyeyusha hapo hapo alipo, ndani ya dakika 10 tangu kipimo kithibitishe, na safari ifuate baadaye.

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Hakuna gari la wagonjwa litakalozimaliza kwa dakika 120, hata dereva angekuwa hodari namna gani. Mgonjwa wa Mtwara anayeandikiwa rufaa bila kupewa dawa, hali hana kizuizi chochote cha kuipewa, ameandikiwa safari wakati moyo wake unakufa njiani. Rufaa na dawa si vitu viwili vya kuchagua kimoja. Dawa hutangulia, rufaa hufuata, na zote mbili zina haki yake.

Ni nani hasa anayefaa kupewa?

Yule ambaye maumivu yake yameanza ndani ya saa 12 zilizopita, na ambaye kipimo cha umeme wa moyo, ambacho wengi tunakiita ECG, kinaonesha kuwa sehemu ya mstari iitwayo ST imepanda katika maeneo mawili au zaidi yanayopakana. Kupanda huko ndiko kunakoashiria kuwa mshipa umeziba kabisa. Zipo sura nyingine chache zinazohesabiwa sawa na hiyo, ambazo daktari wa moyo anaweza kuzisoma.

Ipo pia aina ya mshtuko wa moyo ambayo mstari haupandi, pengine unashuka, kwa kuwa mshipa umeziba nusu. Huyo hapewi dawa ya kuyeyusha, maana tafiti hazikuona faida na hatari ilibaki pale pale. Hupewa aspirini, heparini na dawa nyinginezo, na rufaa ya haraka. Vijana wengi wa kiume wenye asili ya Kiafrika wana mstari uliopanda kidogo kwa maumbile yao tu, wakiwa wazima kabisa, na utando unaozunguka moyo ukivimba nao huleta mpando unaofanana. Kwa hiyo karatasi ya ECG isomwe pamoja na mgonjwa. Palipo na shaka, kupiga picha karatasi hiyo na kuituma kwa WhatsApp kwa daktari wa moyo ni jambo la dakika mbili, na nimeliona likimwepusha kijana wa miaka 24 na dawa ambayo hakuihitaji.

Ni nani asiyepaswa kuipata kabisa?

Hapa ndipo penye roho ya usalama wote, na ndipo ninapoomba pasisomwe kwa haraka.

Asipewe aliyewahi kuvuja damu ndani ya kichwa, hata kama ni miaka 20 iliyopita, wala aliyepata kiharusi ambacho haikujulikana kama kilikuwa cha kuvuja au cha kuziba. Asipewe aliyepata kiharusi cha kuziba ndani ya miezi 6, mwenye uvimbe wa ubongo au mishipa ya ubongo yenye kasoro, aliyefanyiwa upasuaji mkubwa au kuumia vibaya, hasa kichwani, ndani ya mwezi mmoja, aliyetapika damu au kupata choo cheusi kama lami ndani ya mwezi mmoja, mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, na aliyechomwa sindano mahali pasipoweza kubanwa kwa kidole, kama vile kwenye uti wa mgongo au ini, ndani ya saa 24.

Asipewe pia yule ambaye ukuta wa mshipa mkuu wa damu umechanika. Huyu ni wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu anafika akishika kifua kama wengine, na dawa itamuua. Maumivu yake huanza kwa nguvu zote kwa mara moja, mengine yakihamia mgongoni kati ya mabega, na mgonjwa huyaeleza kuwa kama kitu kinachochanika. Ndiyo sababu presha ipimwe mikono yote miwili kabla ya dawa. Mkono mmoja ukitofautiana sana na mwingine, simamisha kila kitu na utafute picha ya kifua na ushauri.

Kisha wapo ambao kwao jibu si hapana moja kwa moja, ila ni la kupimwa kwa mizani: mwenye presha inayozidi 180 kwa 110 na isiyoshuka kwa dawa, anayetumia warfarini, mwenye vidonda vya tumbo vinavyouma sasa, mjamzito au aliyejifungua ndani ya wiki moja, mwenye ugonjwa mkubwa wa ini, aliyepata dalili za kiharusi zikapita zenyewe ndani ya miezi 6, na aliyekandamizwa kifua kwa muda mrefu ili kumfufua. Presha nayo ishushwe kwanza, kwani mara nyingi hushuka mgonjwa akishapewa dawa ya maumivu na hofu yake ikitulia. Anayetumia warfarini kwa sababu ya valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na wako wengi katika nchi zetu, apimwe kiwango cha damu yake kuganda ikiwezekana.

Hedhi je? Na kisukari kilichoathiri macho?

Hedhi si kizuizi. Inaweza kuongezeka, na muuguzi aelezwe ili aifuatilie. Ugonjwa wa macho wa kisukari nao, peke yake, usimnyime mgonjwa dawa.

Ndugu wa mgonjwa waseme nini wanapofika hospitalini?

Waseme saa ambayo maumivu yalianza, na wasiikadirie ili kumfurahisha mtu. Waseme dawa zote anazotumia. Ni vyema wazibebe zenyewe, na vifungashio vyake, ndani ya mfuko. Waseme kama aliwahi kuugua kiharusi, hata kile ambacho nyumbani kiliitwa upepo mbaya au kurogwa, kwa sababu mkono uliopooza wiki moja kisha ukapona ni habari kubwa sana kwa daktari anayetaka kutoa dawa hii. Waseme kama ameanguka na kugonga kichwa, pengine usiku ule ule alipozimia bafuni. Waseme kama amepigwa chuku au hijama siku za karibuni, kama amechanjwa chale kifuani ili kutoa maumivu, na kama amekunywa dawa za miti shamba. Hatuulizi ili kumwaibisha mtu. Mzee mmoja alijibu hapana kwa kila swali nililomuuliza kuhusu kuvuja damu, na ni mkewe, aliyekuwa kimya pembeni akishika kanga yake, aliyesema polepole kwamba wiki mbili nyuma mumewe alikuwa na choo cheusi na akamkataza kulisema. Hatukumpa dawa ya kuyeyusha; alipelekwa kufanyiwa tundu dogo.

Mgonjwa alichomwa sindano ya maumivu zahanati. Kuna tatizo?

Lipo. Ni kawaida katika maeneo yetu mtu mwenye maumivu ya kifua kuchomwa diklofenaki takoni. Kwanza, dawa hiyo na jamii yake haifai kwa moyo ulioshikwa. Pili, sindano ya nyama inaacha tundu ndani ya msuli ambalo, dawa ya kuyeyusha ikiingia, litavuja na kuvimba hadi paja zima. Haimaanishi mgonjwa anyimwe tiba. Maana yake ni kwamba wahudumu waambiwe, mahali pale patazamwe, na kuanzia hapo kila dawa ipitie kwenye mshipa au mdomoni. Ningefurahi sana kama kila zahanati ingebandika ukutani maneno haya: maumivu ya kifua, aspirini ya kutafuna, bila sindano ya takoni.

Dawa hutolewaje, na makosa hutokea wapi?

Kanula mbili, yaani vijirija vya plastiki vya kupitishia dawa, huwekwa kabla ya dawa, katika mishipa inayoweza kubanwa kwa kidole, ili kusiwe na haja ya kuchoma tena baadaye. Mrija wa mkojo na wa puani usiwekwe isipokuwa hapana budi. Mashine ya kushtua moyo iwe karibu na imewashwa, kwa sababu mshipa unapofunguka, moyo unaweza kwenda mrama kwa dakika chache.

Tenekteplesi hufuata uzito: chini ya kilo 60 ni miligramu 30, kilo 60 hadi chini ya 70 ni 35, kilo 70 hadi chini ya 80 ni 40, kilo 80 hadi chini ya 90 ni 45, na kuanzia kilo 90 ni 50, wala haizidi hapo. Uzito upimwe, au aulizwe mgonjwa. Kukisia kwa macho kunakosea. Chupa huzungushwa taratibu ili unga uyeyuke, haitikiswi kama dawa ya watoto, kwani ikitoa povu kipimo hakitakuwa sawa. Isipitishwe kwenye mrija wenye dripu ya glukosi, maana inaganda humo; mrija usafishwe kwa maji ya chumvi kabla na baada.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni la majina. Alteplesi na tenekteplesi hutumika pia kwa kiharusi cha kuziba, na vipimo vyake huko ni vingine: tenekteplesi ya kiharusi haizidi miligramu 25, ilhali ya moyo hufika 50. Alteplesi, kwa upande wake, inaweza kufika miligramu 100 kwa moyo. Anayeandika kwa vifupisho vya herufi mbili tatu anaweza kumfanya mwenzake achukue chupa nyingine na kipimo kingine. Jina liandikwe lote, ugonjwa uandikwe kando yake, na watu wawili wasome kwa sauti kabla bomba la sindano halijagusa kanula.

Mgonjwa wetu ana miaka 80. Si mzee mno?

Umri peke yake haumzuii, lakini hatari ya kuvuja damu kichwani huongezeka nao. Kwa sababu hiyo, kuanzia miaka 75 tenekteplesi hutolewa nusu ya kipimo cha uzito wake, klopidogreli huanza na miligramu 75 badala ya 300, na enoksaparini hupunguzwa na kutolewa bila ile sindano ya kwanza ya mshipa. Familia ielezwe kwa lugha inayoeleweka kabla, si baada.

Hatari kubwa ni ipi, na tuangalie nini?

Ni kuvuja damu ndani ya ubongo, kunakompata takribani mtu 1 katika kila 100, mara nyingi ndani ya saa 24 za mwanzo. Kwa hiyo saa hizo mgonjwa asiachwe peke yake. Kichwa kinachoanza kuuma ghafla, kutapika, ulimi kuwa mzito, mdomo kwenda upande, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida ni dalili za kumwita muuguzi wakati huo huo, bila kungoja zamu ibadilishwe. Dripu ikiwa bado inakwenda inasimamishwa, heparini inasimamishwa, na mgonjwa anapelekwa kupigwa picha ya CT ya kichwa.

Kutoka damu kidogo kwenye fizi au pembeni mwa kanula ni jambo la kutarajiwa, na kubana kwa kidole kwa dakika kadhaa hutosha. Asipige mswaki mgumu, asinyolewe kwa wembe, asinyanyuke peke yake kwenda msalani. Anayepewa streptokinesi presha ikishuka, miguu huinuliwa na dripu hupunguzwa kasi au kusimamishwa kwa muda. Kwa kawaida presha hurudi.

Tutajuaje kwamba imefanya kazi?

ECG hurudiwa baada ya dakika 60 hadi 90. Mstari uliokuwa umepanda ukishuka kwa nusu au zaidi, maumivu yakapungua, mshipa umefunguka. Ukiweka karatasi mbili bega kwa bega, ya kwanza ikiwa na mgongo ulionyanyuka na ya pili ikiwa karibu kulala, hata ndugu asiyesomea udaktari huiona tofauti, na mimi huwaonesha. Huyo naye asafirishwe hospitali yenye tundu dogo ili mshipa utazamwe ndani ya saa 2 hadi 24, kwa kuwa ule utando uliopasuka bado upo. Mstari usiposhuka, dawa imeshindwa. Safari isingoje hata dakika moja, na kuongeza dozi nyingine ya dawa si njia.

Kitunguu saumu, tangawizi au mdalasini vinaweza kuyeyusha bonge?

Haviwezi. Ni viungo vizuri vya chakula, lakini hakuna hata kimoja kinachofungua mshipa uliokwisha kuziba, na muda wa kuvichemsha ni muda wa nyama ya moyo.

Kituo kidogo kinaweza kuwa na dawa hii?

Kinaweza, ikiwa kina ECG, mtu anayeweza kuisoma au kuituma, mashine ya kushtua moyo, na muuguzi wa kukaa na mgonjwa. Dawa ikaguliwe tarehe, iwe imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi, na ihifadhiwe katika joto lililoandikwa na kiwanda. Iwekwe pia mahali panapofikika usiku. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, chupa mbili za streptokinesi zilikuwapo, hazijaisha muda, ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwisha kwenda nyumbani, kijiji cha jirani. Pikipiki ilipotumwa na kurudi ilikuwa imepita saa moja na dakika 40. Mgonjwa alikuwa mwalimu. Kesho yake kabati lilihamishiwa chumba cha dharura na ufunguo ukatundikwa kwenye meza ya muuguzi wa zamu.

Akipata mshtuko mwingine, anaweza kupewa tena?

Tenekteplesi na alteplesi, ndiyo, baada ya kupimwa upya kwa maswali yale yale. Streptokinesi, hapana: mwili ulikwisha kuitengenezea kingamwili ambazo hudumu kwa miaka, na zitaizuia kufanya kazi au kuleta mzio mkali. Kwa hiyo, siku ya kuruhusiwa, mwombeni daktari aandike kwenye kadi jina kamili la dawa iliyotolewa, kipimo, na tarehe. Kadi hiyo ikae kwenye pochi ya mgonjwa, na nakala yake ikae kwenye simu ya mtu anayeishi naye nyumba moja.